UZI: Shotgani ya kuwindia ndege – mtutu wa inchi 26, 28 au 30? Na kitako je?

Mtutu_Mrefu (#1)
Wakuu, salaam. Kibali cha kununua shotgani geji 12 ninacho. Dukani zipo mbili za mitutu miwili, juu na chini: moja inchi 26, nyingine 28. Duka la pili lina ya gesi (inayojipakia yenyewe kwa gesi ya risasi) yenye mtutu wa inchi 30. Kazi yake ni ndege tu: kanga, kwale, na bata maji yakijaa. Muuzaji anashikilia kwamba mtutu mrefu unatupa mbali zaidi, hivyo nichukue 30. Vitako vya zote tatu viko kati ya inchi 14 na 14 na robo. Kimo changu sentimita 186, mikono mirefu, natumia bega la kulia. Naomba sababu, siyo "chukua hii".

Kwale_Kavu (#2)
Muuzaji anakuuzia habari ya zama za baruti nyeusi. Ile iliwaka taratibu, ikahitaji inchi 30 na zaidi. Baruti ya leo imemaliza karibu kazi yake yote ndani ya inchi 20 hivi za mwanzo. Kila inchi ukiongeza hapo unapata mita 1.5 hadi 3 kwa sekunde. Toka 26 hadi 30 ni mita 6 mpaka 12, kwenye marisau (vile vipunje vya risasi) yanayotoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. Kanga aliye mita 30 hajui tofauti hiyo.

Kinachoamua umbali ni choki, yaani kubanwa kwa mdomo wa mtutu. Chukua 26, ni nyepesi vichakani.

MzeeWaMbuga (#3)
@Kwale_Kavu hesabu ya mwendo nakubaliana nayo. Hitimisho lako silikubali. Mtutu mrefu hauchaguliwi kwa sababu ya baruti, unachaguliwa kwa sababu ya mkono. Uzito ukiwa mbele, bunduki ikishaanza kumfuata ndege haisimami kirahisi. Wanaokosa kanga anayekatiza wengi wao husimamisha mkono pale wanapovuta traiga, marisau yanapita nyuma ya mkia. Mtutu mfupi mwepesi unaanza haraka na kusimama haraka. Inchi 28 ndiyo kiwango cha mtu wa kimo chake.

Fundi_Mninga (#4)
Wakuu mnabishana juu ya inchi mbili za chuma huku mwenye uzi ametaja jambo kubwa mkalipita: sentimita 186, mikono mirefu, kitako inchi 14. Hapo ndipo ndege watakapokoswa.

Shotgani haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, na kitako ndicho kinaliweka jicho mahali pake. Vipimo vya kuangalia ni vinne.

Urefu: toka katikati ya traiga hadi katikati ya mwisho wa kitako. Kiwango cha viwandani ni inchi 14 hadi 14 na nusu, yaani milimita 355 hadi 368. Mtu wa 186 mara nyingi anaangukia 14 na robo tatu hadi 15.

Mshuko: ukinyoosha rula juu ya reli (ule ukanda wa juu ya mtutu) mpaka nyuma, pima toka rula hadi mgongo wa kitako mbele (kawaida milimita 38) na hadi kisigino chake nyuma (57 hadi 64).

Mkengeuko wa pembeni: kwa mtu wa bega la kulia kitako kinapinda kidogo kwenda kulia, milimita 3 hadi 6 kwenye kisigino, ili jicho likae juu ya reli bila kulaza shingo.

Pembe ya mwisho wa kitako: digrii 4 hivi. Ikikosewa, ncha ya chini inachoma kifua, au kitako kinateleza kutoka begani unapopiga.

Mshuko ndio mkali kuliko yote. Mgongo wa kitako ukiwa chini kwa milimita 6, jicho linashuka, na kwa mita 30 marisau yanakwenda chini kwa karibu sentimita 20. Mtawanyiko mzuri una upana wa sentimita 75, kwa hiyo umeshapoteza nusu ya nafasi yako kabla hujakosea kitu kingine.

BintiRufiji (#5)
@Fundi_Mninga asante. Swali: ile njia ya kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kidole kinafika kwenye traiga, ni sahihi?

Fundi_Mninga (#6)
Dada, inapima mkono tu. Shingo, upana wa kifua na shavu havimo. Wawili wenye mkono sawa wanaweza kutofautiana nusu inchi.

Tumia hii. Hakikisha bunduki haina kitu, ifungue, angalia chemba zote mbili. Ielekeze mahali salama. Fumba macho, ipandishe begani kama umeona ndege, laza shavu bila kubana, kisha fumbua. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa traiga panatakiwa upana wa vidole viwili hadi vitatu. Gumba likikaribia pua, kitako kifupi. Kitako kikikwama kwapani wakati wa kupandisha, ni kirefu.

Halafu tazama shanga, ile alama ndogo ya duara kwenye mdomo wa mtutu. Ukiona chuma cha nyuma ya mtutu tu na shanga imefichwa, mgongo uko chini. Ukiona reli yote inapanda kama barabara ya mlimani, uko juu. Shanga ikikaa kushoto au kulia, ni mkengeuko.

Njombe_Baridi (#7)
Ongezeni nguo. Bunduki nyingi tunazopata zimetengenezwa kwa Ulaya, kwa mtu aliyevaa koti zito. Aliyeko Singida na shati moja anapoteza sentimita nzima ya unene, kitako kinakuwa kifupi kwake. Huku Njombe na Makete mwezi wa saba asubuhi koti halikwepeki, kitako kilekile kinakaa sawa. Mpimaji apime na nguo atakayowindia.

Kwale_Kavu (#8)
Sawa, kitako nakipa heshima yake. Ila bado nasema 26. Kwale huyu wa kwetu anaruka mita 10 mbele ya mguu, anaingia nyuma ya mchongoma. Una sekunde moja na ushee. Robert Churchill, mtengeneza bunduki wa Uingereza, alitangaza mitutu ya inchi 25 miaka ya 1920 na ikapata wafuasi wengi, kwa sababu hiyohiyo ya wepesi.

MzeeWaMbuga (#9)
Churchill alizitengeneza na reli yake nyembamba ya juu iliyolifanya jicho lione mtutu mrefu kuliko ulivyo. Hata yeye alijua jicho linataka urefu. Na aliuza bunduki iliyokatiwa kitako kwa kipimo cha mteja, mkuu. Ukinunua ya dukani umepata ufupi bila kile kilichoufanya ufupi ufanye kazi.

Halafu angalia hesabu ya @Fundi_Mninga. Kosa la jicho milimita 6 linatoa sentimita 20 ikiwa jicho liko sentimita 92 toka kwenye shanga. Ongeza inchi 4 za mtutu, inakuwa 102, kosa linashuka hadi 17 na nusu. Siyo kubwa, lakini mtutu mrefu unasamehe.

Gesi_Tupu (#10)
Mnalinganisha visivyolingana. Ya gesi na ya pampu zina kasha la chuma refu nyuma ya mtutu, maana risasi lazima isafiri toka kwenye bomba hadi kwenye chemba. Kasha linaongeza inchi 3 na nusu hadi 4 kwa urefu wote. Kwa hiyo ya gesi yenye mtutu wa 26 ni ndefu sawa na ya mitutu miwili yenye 30. Ile 30 ya gesi kwenye vichaka itakuwa mlingoti.

Mwenye uzi, kama ni ya gesi tafuta 26 au 28. Kama ni ya juu na chini, 28 au 30. Usisome namba bila kuangalia aina.

Mtutu_Mrefu (#11)
@Gesi_Tupu hilo sikulifahamu, muuzaji hakulitaja. Sasa imebaki 26 na 28 za juu na chini. Ya 26 ina choki za kudumu: mtutu wa chini robo, wa juu nusu. Ya 28 ina choki za kubadilisha, tano ndani ya sanduku.

Kwale_Kavu (#12)
Robo na nusu ndiyo choki ya kanga na kwale. Hata ukipewa 5 utatumia hizo mbili.

BintiRufiji (#13)
Na bata je? Bata anayepita juu mita 35 na robo choki ni kumjeruhi akafie matetani.

Kiwango cha choki kinachokubalika ni asilimia ya marisau yanayoingia kwenye duara la inchi 30 kwa yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa asilimia 40, robo 50, nusu 60, kamili 70. Kubana kwenyewe ni kudogo: robo ni milimita 0.25, nusu 0.5, kamili inakaribia 1. Upande wa pili wa sarafu: kwa yadi 20 mtutu usiobanwa unatawanya inchi 32, robo 26, nusu 21, kamili 16. Kwale wa mita 18 akipigwa na kamili, kama hukumkosa basi nyama haifai.

Kwa hiyo anayekwenda mbugani asubuhi kwa kwale na jioni bwawani kwa bata anahitaji choki za kubadilisha. 28 imeshinda hapo, wala siyo kwa urefu wake.

MzeeWaMbuga (#14)
Nakazia #13. Nyongeza: choki za kubadilisha zikazwe kwa ufunguo wake kabla ya kutoka na zikaguliwe kila baada ya risasi kumi hivi. Ikilegea, marisau yanaipiga kwenye ukingo, mdomo wa mtutu unavimba. Kila msimu zitolewe, uzi wa skurubu usafishwe, upakwe grisi kidogo. Zikiachwa miaka na kutu ya pwani hazitoki tena bila kuharibu mtutu.

Gesi_Tupu (#15)
Namba ya marisau nayo ni mtego. Sita ya Uingereza ni milimita 2.6, sita ya Marekani ni 2.8 hivi. Mtu anabadilisha boksi, mtawanyiko unabadilika, analaumu choki. Someni milimita kwenye boksi. Kanga ana manyoya mazito na mifupa migumu: milimita 2.8 hadi 3.1. Kwale na firigogo 2.4 hadi 2.6 zinatosha.

Njombe_Baridi (#16)
Hakuna aliyetaja uzito wa bunduki na teke. Kanuni ya W. W. Greener, mtengeneza bunduki wa Uingereza: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau. Gramu 28 zinataka kilo 2.7. Gramu 32 zinataka kilo 3.07. Gramu 36 zinataka karibu kilo 3.5. Ile 26 nyepesi ya kilo 2.8 ukiilisha gramu 36 za kanga, bega litaanza kuikwepa, na anayekwepa teke anavuta traiga macho yamefumba. Watu husema bunduki "haipigi sawa", kumbe bega linaogopa.

Kwale_Kavu (#17)
Ndiyo maana kuna gramu 28 na 30 mkuu. Kanga wa mita 25 hahitaji mzigo wa bata bukini.

Fundi_Mninga (#18)
@Njombe_Baridi kanuni ni nzuri lakini teke linaloumiza shavu halitokani na uzito. Linatokana na mshuko mkubwa wa kisigino. Kisigino kikishuka mno, bunduki inaruka juu badala ya kurudi moja kwa moja, mgongo wa kitako unapiga mfupa wa shavu. Kitako kifupi nacho kinaleta gumba puani. Kabla hujaongeza raba ya kunyonya teke, pima hivyo viwili.

Mtutu_Mrefu (#19)
Basi nikichukua 28 yenye kitako cha 14 na robo, naongezaje nusu inchi bila kuharibu?

Fundi_Mninga (#20)
Usikate wala usichonge kitu kwanza. Jaribu.

Funga vipande vya kadibodi ngumu au plaiwudi nyembamba mwisho wa kitako kwa gundi ya karatasi, milimita 6, kisha 12, upime kwa njia ya #6. Kama mgongo uko chini, weka sponji ngumu ya milimita 3 juu yake, zungushia tepu ya kitambaa, usiibane ikabonyea.

Kisha nenda mahali penye leseni na tuta la udongo nyuma. Karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2, alama nyeusi katikati. Simama yadi 16, mita 14.6. Choki ya nusu au kamili ili kitovu kionekane. Pandisha na upige mara begani inapofika, usilenge kama raifo. Risasi tano karatasi hiyohiyo. Kitovu cha mtawanyiko kikikaa inchi moja chini ya alama, mgongo wa kitako unatakiwa kupanda inchi moja ya kumi na sita, milimita 1.6. Inchi mbili, milimita 3.2. Hesabu hiyohiyo kwa pembeni.

Ukiridhika ndipo uifanye ya kudumu. Toa bamba la mwisho, weka raba nene badala yake pamoja na kipande cha plastiki nyeusi cha kujaza. Skurubu zipakwe sabuni zisipasue mbao. Raba ikizidi ukingo, zungushia tepu mbao yote, saga raba mpaka tepu ianze kukwaruzika, acha hapo. Kisigino cha raba kiviringwe kidogo, kikiwa na kona kitashika shati njiani.

MzeeWaMbuga (#21)
Hapo kwenye risasi tano mimi huona ni chache. Mtu anayejaribu bunduki mpya anairekebisha mikono bila kujua kufikia ya tatu. Afanye karatasi mbili, siku mbili tofauti.

BintiRufiji (#22)
Na kabla ya hayo yote apime jicho! Nyosha mkono, kidole kimoja juu ya kitu cha mbali macho yote wazi. Fumba la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo kuu. Kikiruka, la kushoto ndilo linalotawala na anapandisha begani kulia: kitovu kitakwenda kushoto hata kitako kikiwa kimekatwa na fundi wa mfalme. Tiba ni kipande cha tepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, au kulifumba dakika ya mwisho. Kuchonga mbao hapo ni kupoteza mbao.

Fundi_Mninga (#23)
Naunga mkono #22 kwa asilimia zote. Nilipaswa kuanzia hapo.

Sahani_Nairobi (#24)
Naingilia kutoka Kenya. Huku uwindaji wa kimchezo ulipigwa marufuku 1977, shotgani zetu nyingi ni za sahani za udongo zinazorushwa hewani. Kwa sahani wengi wako 30 na 32, kitako kirefu, mgongo juu. Lakini sahani unaitegemea, bunduki iko begani tayari kwenye mingi ya michezo. Kwale hapigi hodi. Msichukue vipimo vya sahani mkavipeleka porini.

Swali langu: mninga unafaa kweli kwa kitako? Wengine wanasema lazima walinati.

Fundi_Mninga (#25)
Mninga unafaa sana. Uzito wake unakaribiana na walinati, na ukishakauka vizuri hautembei, hausinyai wala kuvimba sana. Mkongo ni mzito zaidi, unafaa bunduki yenye mitutu mizito. Mpingo achana nao, mita moja ya ujazo inapita kilo 1,200, kitako kitavuta mizani yote nyuma.

Yanayoharibu ni haya. Nyuzi za mbao lazima zipite moja kwa moja kwenye shingo ya kitako. Zikikatiza, itavunjika hapo. Nyuma ya ulimi wa chuma unaoingia kwenye mbao acha upenyo wa nusu milimita hadi moja, la sivyo kila teke linausukuma ulimi kama kabari na ufa unaanza. Mbao ikae imara kwenye mabega ya chuma pande zote mbili. Ikigusa upande mmoja, itapasuka upande huo. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, vaa barakoa. Mwisho mafuta ya kitani, tabaka nyembamba nyingi, kila moja ikauke.

Gesi_Tupu (#26)
Au plastiki. Haijui mvua wala kiangazi. Mbao iliyotoka Tanga ikifika Dodoma inasinyaa, bolti ya kitako inalegea, mtu anapiga na kitako kinachocheza, ufa huo. Na nyingi za gesi zinakuja na vipande vya kuweka kati ya kitako na kasha, unabadilisha mshuko na mkengeuko kwa bisibisi tu, nusu saa. Mwenye uzi angekuwa ameshamaliza.

Fundi_Mninga (#27)
Kulegea ni kukaza bolti kila msimu, mkuu. Bisibisi ndefu toka nyuma, dakika tano. Ila kuhusu vile vipande uko sahihi, ni msaada mkubwa kwa ambaye hana fundi karibu.

Kwale_Kavu (#28)
Kuna jamaa ameniuliza PM (ujumbe wa faragha): akinunua 30 kwa bei nafuu, aikate iwe 26?

MzeeWaMbuga (#29)
Mwambie asithubutu. Choki ya kudumu iko kwenye inchi chache za mwisho. Ukikata imeondoka yote, umebaki na mtutu wazi. Kwenye mitutu miwili kuna jingine: imeungwa kwa pembe ili ikutane mbele, ukiikata haipigi tena mahali pamoja. Na kisheria anajitafutia kesi. Silaha inabaki kama ilivyoandikwa kwenye leseni yake. Ya kuwinda ni leseni nyingine ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), asichanganye.

Njombe_Baridi (#30)
Aangalie na chemba kama bunduki ni ya zamani. Nyingi za Kiingereza ni za milimita 65, risasi za dukani ni 70, na kipimo hicho ni cha ganda likiwa limeshafunguka. Inaingia bila shida, ndipo hatari ilipo: ikifunguka haina nafasi, shinikizo linapanda. Asome alama chini ya mitutu. Na risasi ya geji 20, ile ya ganda la njano, isikae mfuko mmoja na za 12. Ikiingia inateleza mbele na kukwama mtutuni, kisha mtu anaweka ya 12 nyuma yake.

Mtutu_Mrefu (#31)
Nimepima jicho: la kulia. Nimerudi dukani na koti na bila koti. 28 na shati, gumba liko kidole kimoja na nusu toka puani. Shanga naiona, ila chini sana. 26 inakaa hivyohivyo, kitako ni kilekile. Naelekea 28 kwa ajili ya choki.

Kwale_Kavu (#32)
Ipime mizani kwanza. Iweke juu ya kidole kwenye bawaba inapovunjikia. Ikilala mbele zaidi ya inchi moja, utaniambia kwale wa kwanza akiruka.

MzeeWaMbuga (#33)
Ikilala mbele inchi nusu ni sawasawa, mkuu, ndiyo inayomfuata kanga.

Fundi_Mninga (#34)
Ukiongeza raba mizani itarudi nyuma kidogo, raba nene ina gramu 100 na zaidi. Msipime sasa, mpime baada ya kitako. Na @Mtutu_Mrefu, ukiwa na kidole kimoja na nusu badala ya viwili hadi vitatu, upungufu huo ni kama ile nusu inchi unayoihitaji. Anza na milimita 10, siyo 12. Kupunguza raba ni rahisi, kurudisha mbao iliyochongwa haiwezekani.

BintiRufiji (#35)
Kanga anayekimbia chini hajazungumziwa. Bunduki inayopiga asilimia 60 ya marisau juu ya alama na 40 chini yake inamfaa anayepaa, ikimkosa anayetua bwawani kwa juu. Mgongo wa kitako upandishwe mpaka wapi?

Kwale_Kavu (#36)
50 kwa 50. Unachokiona ndicho unachopiga.

MzeeWaMbuga (#37)
60 kwa 40. Ndege wengi mbele ya mwindaji wanapanda, na ukimfunika kwa mtutu humuoni.